Mkono wa Karani

Mhubiri akisimama hapa Wenje, kando ya Mto Tana, kusimulia habari za wafalme wa mwisho wa Yuda, hachelewi kumfikia Yeremia. Yeremia ana machozi, ana nira shingoni, ana shimo la matope alilotumbukizwa na wakubwa wa mji. Baruku mwana wa Neria, karani wake, hutajwa kwa kupita, akibahatika kutajwa. Kwangu mimi, Baruku ndiye aliyenifanya niipende sura ya 36 kuliko nyingine zote za kitabu cha Yeremia. Ni sura yenye watu walio kazini, na kazi yenyewe ni kuyaandika maneno ya mtu mwingine.

Ilikuwa mwaka wa nne wa Mfalme Yehoyakimu, karibu 605 K.K., Babeli ikiwa imetoka kuipiga Misri kule Karkemishi. Yeremia alikuwa amezuiwa kuingia hekaluni. Akamwita Baruku, akamtolea kwa mdomo maneno ya miaka zaidi ya ishirini, naye Baruku akayaandika katika gombo la chuo, kisha akaenda kuyasoma mbele ya watu mahali ambapo mwenye maneno hakuruhusiwa kukanyaga. Wakuu walipomuuliza ameyaandikaje, aliwajibu kwa ufupi: mdomo ni wa nabii, wino ni wangu. Hilo ni jibu la fundi. Hakudai maneno, wala hakuukana mkono wake.

Asiyewahi kuandika huku mwingine akisema hudhani hii ni kazi nyepesi. Msemaji habanwi na kalamu. Hukimbia, hurudi nyuma, hulia, hukasirika, huacha sentensi njiani akaanza nyingine. Karani anaandika neno la tatu huku sikio lake limeshika la tisa. Lazima ajue ni wapi pa kumsimamisha mzee na wapi pa kumwacha aende, maana ukimkatiza mtu mwenye uchungu kwa ajili ya tahajia, linalofuata halitakuwa lile alilokuja nalo. Juu ya hayo kuna vyombo. Wino wa siku zile ulikuwa masizi yaliyochanganywa na gundi na maji. Kalamu ilikuwa utete uliochongwa ncha, na kando yake kijembe cha kuchongea na kukatia. Wanakili wa misahafu wa Siyu, ambao kazi yao ilisifika pwani nzima ya Lamu, wasingehitaji kufundishwa matumizi ya hata kimoja kati ya vyombo hivyo.

Ni kijembe hicho cha karani kilichotumika kuiharibu kazi ya karani. Mfalme alikuwa katika nyumba yake ya wakati wa baridi, makaa yanawaka mbele yake. Kila mara Yehudi, mtumishi aliyekuwa akimsomea gombo, alipomaliza safu tatu au nne, zilikatwa zikatupwa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Wakuu watatu walimsihi asichome. Mmoja wao alikuwa Gemaria mwana wa Shafani, na jina hilo la baba lina uzito wake hapa. Karibu miaka 18 kabla, Shafani mwandishi ndiye aliyemsomea Mfalme Yosia, baba yake Yehoyakimu, kitabu kilichoonekana hekaluni, naye Yosia akayararua mavazi yake kwa hofu. Baba alirarua nguo, mwana akakata kitabu. Mtoto wa karani yule wa kwanza alikuwa amesimama palepale, akiomba.

Wachimbaji wa kale wamekutana na Gemaria huyo, au niseme na alama ya muhuri wake. Mwaka 1982, katika uchimbaji ulioongozwa na Yigal Shiloh kwenye Mji wa Daudi huko Yerusalemu, yalipatikana madonge kadhaa ya udongo yaliyowahi kufunga nyaraka, na moja lilibeba jina la Gemariahu mwana wa Shafani. Nyaraka zenyewe ziliteketea Wababeli walipouchoma mji mwaka 586 K.K. Moto huohuo uliuoka udongo wa mihuri ukawa mgumu, ndiyo maana majina yanasomeka hata leo.

Na gombo la Yeremia? Waliandika upya. Nabii akasema tena, karani akaandika tena, yote yaliyochomwa, na maneno mengine mengi ya namna ileile yakaongezwa. Hapa ndipo ninapovua kofia. Kuandika mara ya kwanza kuna msisimko wake. Kukaa chini mara ya pili, ukijua watu wametumwa kukukamata na mfalme ana makaa ya kutosha, kuna kitu kingine kabisa, na mhubiri angeweza kukitolea Jumapili nzima.

Nikitaka mfano wa karibu wa kitabu kilichoteketea, sihitaji kwenda mbali. Kutoka Wenje, fuata Tana kuteremka hadi Garsen, kisha shika njia ya Lamu, utafika Witu. Wanabahani, waliotawala Pate kwa karne nyingi, walihamishia kiti chao hapo msituni katika karne ya 19, baada ya kushindwa na Wabusaidi wa Zanzibar. Mwaka 1885 Wajerumani wakawatia chini ya ulinzi wao. Mwaka 1890, kwa mkataba uliotiwa saini Ulaya, ulinzi huo ukapewa Waingereza. Mwezi wa Septemba mwaka uleule Wajerumani kadhaa wakauawa Witu, na mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Admirali Fremantle yakaingia na kuuteketeza mji wa Sultani Fumo Bakari. Kinachosimuliwa tangu hapo ni kwamba katika maangamizi yale kilipotea kitabu cha habari za Pate, nasaba na vita vya wafalme wake.

Kilichobaki kilikuwa kifuani mwa mtu. Muhammad bin Fumo Omar, wa ukoo wa Nabahani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bwana Kitini, alizisimulia habari zile tena, na nakala zikaandikwa kutokana na kinywa chake. Mwingereza Stigand aliichapa moja kwa Kiingereza mwaka 1913, na Alice Werner akafuata na nyingine, Kiswahili chake pamoja na tafsiri. Nakala hizo hazilingani. Majina hupishana, miaka hugongana, na ule mwaka wa 600 wa Hijra wa kufika Mnabahani wa kwanza una wataalamu wengi wanaoutilia shaka. Wapo waliomlaumu Bwana Kitini kwa hayo. Mimi naona aliachiwa mzigo wa watu wawili: alikuwa Yeremia asiye na Baruku. Kila aliyekuja na karatasi alikuja na haraka yake na maswali yake, kinywa kikawa kimoja na mikono mingi, wala hakuna mkono uliokaa naye miaka ukajua lini anakumbuka na lini anajaza pengo.

Wenje haina mfalme wa kuchoma magombo. Ina mto, ina mashamba ya Wapokomo kandokando yake, ina mifugo ya Waorma na Wawardei inayohitaji kuyafikia maji, na njia za kuyafikia huitwa malka. Mwaka 2012, kusini kidogo katika delta, ugomvi wa ardhi, malisho na maji ulichanganyika na siasa, ukaua watu zaidi ya mia moja. Baada ya damu hukaliwa barazani, na baraza likikaliwa lazima pawe na katibu, mara nyingi mwalimu au kijana aliyemaliza kidato cha nne, daftari magotini. Mzee wa gasa, baraza la wazee wa Kipokomo, anasema kwa Kipokomo, mzee mwenzake anajibu kwa Kiorma, na yeye anaandika kwa Kiswahili. Akilainisha tusi, amedanganya. Akiliandika lilivyo, huenda baraza likavunjika litakaposomwa. Kisha mwenyekiti anainama na kumnong'oneza kwamba hili usiliandike. Nimeona makatibu wakiitikia kwa kichwa, kisha wakaandika, kwa sentensi fupi isiyomtaja mtu, kiasi kwamba aliyekuwapo ataelewa na asiyekuwapo hatapata pa kuchochea. Hakuna anayepigiwa makofi kwa sentensi kama hiyo. Mimi naihesabu pamoja na uandishi bora unaofanywa katika kaunti yetu.

Makubaliano ya malka yakishaandikwa, kila upande hutaka nakala yake, na chifu abaki na ya tatu. Baruku angewaelewa. Jeshi la Babeli likiwa limeuzingira Yerusalemu, katika mwaka wa kumi wa Mfalme Sedekia, Yeremia akiwa amefungwa katika uwanja wa walinzi alinunua shamba la binamu yake Hanameli huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Fedha ikapimwa kwa mizani, mashahidi wakatia majina. Hati zilikuwa mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine wazi: ya wazi ni ya kusomwa na yeyote, ya muhuri ni ya kufunguliwa siku ya ubishi. Baruku akakabidhiwa zote mbili mbele ya watu azitie katika chombo cha udongo. Nchi yote iliyozunguka mji ilikuwa tayari chini ya miguu ya askari wa Babeli, shamba lenyewe likiwamo, na bado taratibu zilifuatwa zote, hakurukwa hata shahidi mmoja.