Lugha ya Uenezi wa Nishati Safi Katika Nchi ya Waha

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 nchini Tanzania wawe wanaitumia nishati hiyo. Tangu hapo maneno "nishati safi ya kupikia" yameenea katika hotuba, mabango, redio na mitandao ya kijamii. Ubora wa madhumuni hayo hauna mjadala. Linalostahili kuhakikiwa ni lugha iliyotumwa kuyapeleka, hasa inapofika Kibondo na Kasulu, ambako Kiha ndicho lugha ya nyumbani na kuni ndizo zilizozoeleka jikoni.

Maneno ya ibara hiyo hayana uzito sawa. Nishati limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya bidii au uchangamfu. Waarabu wenyewe, watajapo nishati ya kisayansi, hutumia neno jingine, taka. Maana ya sasa, basi, ni kazi ya wataalamu wa Kiswahili, nayo ni kazi njema, kwani vitabu vya sayansi vyalihitaji neno hilo. Walakini jikoni hakuna aombaye nishati. Huombwa moto, kuni, mkaa, gesi au umeme. Neno linalovijumlisha vyote hivyo lamfaa mpanga hesabu za taifa. Mpishi halimwonyeshi kitu cha kushika.

Safi lina hatari zaidi. Kinyume chake ni uchafu, na msikilizaji hukiwaza kinyume hicho hata kama msemaji hakukitamka. Mwanamke aliyefagia jiko lake alfajiri, akapanga kuni zake kavu kando ya mafiga, huwa kana kwamba ameambiwa kuwa anapika kwa uchafu. Ujumbe ulionuiwa kumkinga na moshi humfikia kama tusi, na aliyetukanwa hasikilizi yanayofuata.

Kupikia ndilo neno lililokaa vizuri, kwa kuwa kitenzi chenyewe chaonyesha kazi inayokusudiwa. Kadhalika "jiko banifu" ni uundaji wa kusifiwa: kitenzi bana kimepewa kiambishi cha Kibantu, na mwenye kubana matumizi huielewa haraka maana yake. "Nishati jadidifu" haina bahati hiyo. Kiambishi ni kile kile, lakini mzizi wake wataka kamusi.

Neno lifaalo lilikuwapo tangu zamani, nalo ni moshi. Kirundi, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kiha, husema umwotsi. Asili ya maneno hayo mawili ni moja. "Kupika bila moshi" hakumdharau mtu, hutaja adui kwa jina lake, tena macho ya kila mpishi yamjua.

Hata hivyo moshi si msiba pekee wa kuni. Baada ya kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, kufunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, utafutaji wa kuni ulizusha ugomvi kati yao na wenyeji, na wanawake walioingia porini walikabiliwa na hatari ya kushambuliwa. Ujumbe usiotaja safari hiyo umeacha nusu ya habari.

Mitandao ya kijamii nayo hupendelea picha na kauli fupi, na humfikia kwanza mwenye simu. Mfano bora u karibu. Redio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, ilisema na wasikilizaji wake kwa lugha zao. Hata jina lake lina maana ya kuamini katika Kirundi na Kinyarwanda.

Figa moja haliinjiki chungu. Maneno mazuri hayatamfaa mtu ambaye mtungi wake wa gesi ukiisha hana pa kuujaza, wala fedha ya kuujazia. Lakini lugha ndiyo sehemu ya kazi hii iliyo rahisi kusahihishwa. Kabla bango halijapigwa chapa, lisomwe jikoni Kibondo, naye mpishi aulizwe kwa Kiha amesikia nini.