Unga wa Kuzimia Moto: Jinsi ya Kuutambua Ulio Mzima

Mama anayenunua unga wa muhogo sokoni Kindu haridhiki na maneno ya muuzaji. Huuchota, huufikicha vidoleni, huunusa, ndipo wapatane bei. Unga unaojazwa kwenye mitungi ya kuzimia moto unastahili uangalifu huohuo. Ubaya wa muhogo utaujua jioni wakati wa kula. Ubaya wa huu utaujua petroli imeshawaka kando ya jenereta.

Adui wake mkubwa hapa kwetu ni unyevu. Gunia likija kwa reli kutoka kusini, au kwa mashua kutoka Ubundu, mwendo wa kilomita 300 hivi juu ya Lualaba, limepita mvua na ukungu wa mto, kisha hulazwa kwenye depo ya bati yenye hewa nzito. Kwa hiyo anza na gunia: mfuko wa ndani wa plastiki uwe mzima, na usisikie kona ngumu unapoubonyeza.

Sasa chota kiganjani. Unga mzuri ni laini mno, hutiririka karibu kama maji. Ufinye ngumini, ukifanya bonge, liangushe mezani kutoka kimo cha sentimeta 10. Likisambaratika, endelea. Likibaki donge, usihangaike kuliponda na kulichekecha, maana unyevu umeshaingia. Chembe hupakwa silikoni kiwandani ili zisinywe maji, na kipimo cha kinga hiyo ndicho ninachokipenda kuliko vyote: sawazisha unga kwenye kisahani, dondosha tone la maji, ungoje. Kwenye unga mzima tone hukaa duara kama umande juu ya jani la jimbi. Kwenye unga mbovu hunywewa na kuacha tope.

Ujue pia ni unga gani. Wa herufi BC kwa kawaida ni bikaboneti ya sodiamu, dawa ya petroli na gesi. Wa ABC ni fosfati ya amonia, na huzima hata mbao, nguo na magodoro, kwa kuwa ukipata joto la nyuzi 190 hivi huyeyuka na kulifunika kaa kwa utando. Tia kijiko kimoja kwenye kikaango kikuukuu juu ya makaa, nje, ukisimama upande unakotoka upepo. Fosfati huyeyuka, hutoa mapovu na kuacha ngozi juu ya chuma. Bikaboneti hubaki unga mweupe. Jaribu na ndimu vilevile, lakini tangulia na tone la sabuni ya maji, maana silikoni huikataa ndimu kama inavyoyakataa maji. Bikaboneti itafura povu. Unga unaoitwa ABC ukifura hivyo, umechanganywa na bikaboneti au chaki.

Rangi isikudanganye. Njano, buluu au waridi ni rangi ya kiwanda tu. Soma asilimia ya fosfati kwenye gunia: kuna unga wa 90 na kuna wa 40, na mara nyingi kinachojazia nafasi ni salfeti ya amonia. Kwa butike ya vitenge au magodoro, mimi nisingeupokea ule wa 40 hata kwa nusu ya bei.

Halafu kuna kosa ambalo simsamehei fundi yeyote: kumwaga BC juu ya mabaki ya ABC. Mmoja una asidi, mwingine ni alikali. Vikikutana na unyevu kidogo hutoa gesi ya kaboni na maji, unga huganda, presha hupanda ndani ya mtungi. Kwa hiyo mtungi, vali na mrija wa ndani visafishwe na vikaushwe kabisa. Kampresa ya fundi wa matairi nayo haifai, kwa sababu husukuma hewa yenye maji; dai nitrojeni kavu. Mshale wa geji ukisimama penye kijani unaonyesha presha peke yake, haujui kama chini pana unga au jiwe.

Mwisho dai mizani: mtungi wa kilo 6 upokee kilo 6, ukipimwa mtupu kisha umejaa. Na unga uliobaki fundi aufunge upya mbele yako, aupandishe juu ya mbao, mbali na sakafu.