Depara Aliipa Jukwaa Kisogo

Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki tulimjua Franco Luambo kwa sikio kabla ya kumjua kwa jicho. Redio ilituletea gitaa lake, na kama hatukufahamu Kilingala tulijitungia maana zetu na kuendelea kucheza. Kwa sababu hiyo, jina la Jean Depara linapotajwa mbele yetu hutambulishwa kwanza kama "mpiga picha wa Franco". Sifa hiyo ni ya kweli, lakini kwa maoni yetu inampunja. Picha zake za wanamuziki ni nzuri, basi. Za watu waliokuja kucheza muziki huo ndizo zisizotutoka kichwani.

Maisha yake yana faraja kwa sisi tunaopiga picha kwa ridhaa, tukiwa na kazi nyingine ya kutulisha. Depara alizaliwa mwaka 1928 Kibokolo, kaskazini mwa Angola. Alipooa mwaka 1950 alinunua kamera ndogo aina ya Adox ili harusi yake isipite bila kumbukumbu, na tangu siku hiyo hakuiacha tena. Mwaka 1951 alihamia Leopoldville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Kinshasa. Huko alitengeneza baiskeli, akatengeneza kamera, akafanya biashara ya vyuma chakavu. Mwaka 1954 Franco alimtaka awe mpiga picha wake rasmi. Tukumbuke kwamba wakati huo Franco mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 16, na OK Jazz ilikuwa haijazaliwa. Bendi hiyo ilianza 1956. Fundi baiskeli na kijana wa gitaa waliaminiana kabla dunia haijawaamini.

Studio yake aliiita Jean Whisky Depara, jina linalotosha kueleza usiku wake aliutumia wapi. Alizunguka na kamera katika baa kama Kongo Bar, Oui Fifi na Afro Mogenbo, na flashi yake ilikuwa pia chambo cha kuwavuta watu wapendao kuonekana.

Hapa mturuhusu tuseme kihandisi kidogo. Mwanga wa flashi hupungua kwa mraba wa umbali. Aliye mita 2 kutoka kwenye flashi hupata mwanga mara 4 ya aliye mita 4, na mara 9 ya aliye mita 6. Kwa hiyo ndani ya baa yenye giza, kwa flashi moja, bendi iliyo jukwaani huzama kizani wakati walio meza ya karibu wanang'aa kama mchana. Mpiga picha ana njia mbili: agombane na hesabu hiyo, au aikubali na kusogea karibu na watu. Depara alisogea. Katika picha yake ya wapenzi wawili ndani ya klabu ya usiku, muziki unauona katika namna walivyoegemeana.

Tunalisema hili kwa sababu katika shughuli zetu hapa ughaibuni simu zote huelekezwa jukwaani. Mwimbaji wa taarabu hupigwa picha mamia kwa usiku mmoja, zote zikifanana. Lakini yule mama anayeinuka kwenda kutuza, noti mkononi, shingo imenyooka, na maneno ya wimbo anampelekea mtu fulani aliyekaa safu ya tatu, huyo hapigwi. Akipigwa, ni kisogo chake kimemziba mwimbaji na picha inafutwa. Depara angemfuata yeye na kumwacha mwimbaji aendelee.

Ipo picha yake iitwayo Moziki. Hilo ni neno la Kilingala la vikundi vya marafiki wanaosaidiana, na vikundi vya kina mama hupenda kuvaa sare, jambo ambalo msomaji aliyewahi kuchangia harusi Dar es Salaam halihitaji kuelezwa. Wako pia wale vijana walioitwa Bills, jina lililotokana na Buffalo Bill, waliojivika kofia na skafu wakiwaiga makauboi wa sinema za Kimarekani. Wako watunisha misuli kando ya bwawa la kuogelea. Wote hawa wamekuja kwenye kamera wakiwa wameshaamua wao ni nani. Tusisahau kwamba hadi 1960 Leopoldville ilikuwa mji uliogawanywa kwa rangi, na Mwafrika alihitaji kibali kuwa mtaa wa Wazungu usiku. Mkoloni haonekani katika picha za baa. Wapo waliouita huo ni upuuzi wa starehe. Sisi tunaona kwamba watu hawa walikuwa na saa chache zilizokuwa zao kabisa, na Depara alizipiga picha saa hizo.

Hatumpi alama zote. Zipo picha za wanawake ambamo jicho lake lina uroho, mwanamke amepangwa kwa ajili ya mpiga picha na si kwa ajili yake mwenyewe. Ukiziweka karibu na Moziki tofauti inajitokeza mara moja.

Lakini dai letu kubwa ni la majina. Kazi zake zilitundikwa Paris mwaka 2015 katika maonyesho ya Beauté Congo ya Fondation Cartier, miaka 18 baada ya kufariki kwake. Nyingi zinajulikana hivi tu: bila jina, takriban 1955 hadi 1965. Kwetu wahandisi, mchoro usio na jina wala tarehe haupokelewi kazini. Na haikuwa lazima iwe hivyo. Malick Sidibé wa Bamako, aliyetunukiwa Simba wa Dhahabu wa Venice mwaka 2007, alikuwa akitoka kwenye sherehe za vijana usiku, anasafisha filamu, kisha anabandika picha ndogondogo kwenye majalada yenye jina la klabu na tarehe, ili vijana waje studio kuchagua za kununua. Ulikuwa utaratibu wa biashara tu. Ndio uliotuwezesha kujua leo kwamba wale wawili wanaocheza katika picha yake mashuhuri walikuwa Happy Club, mkesha wa Krismasi wa 1963. Wachezaji wa Depara, waliovaa vizuri vilevile, wamebaki "Wakongo wa miaka ya hamsini".

Kuanzia 1975 hadi 1989 Depara alikuwa mpiga picha wa Bunge la Zaire. Huko kila aliyesimama mbele ya kamera yake alikuwa na jina, cheo na jimbo, yote yameshaandikwa na makarani. Picha hizo hatujaziona zikitundikwa popote.