Kwa Nini Chai Yetu Hupikwa

Chai isiyotiwa maziwa ina jina la zamani katika Kiswahili: chai ya mkandaa. Mkandaa ni mmojawapo wa miti ya mikoko, na magome yake yametumika tangu zamani kutia rangi na kutengenezea ngozi. Kinachofanya kazi hiyo ni tanini iliyomo ndani ya gome. Majani ya chai nayo yana kemikali za jamaa hiyohiyo. Ndizo zinazoleta wekundu kikombeni, na ndizo zinazoacha ukakasi ulimini, kwa sababu hushikana na protini za mate na mdomo ukabaki mkavu. Jina hilo, basi, limebeba uchambuzi mzima wa kemia. Nadai kwamba chai ya kupika, ile ya sufuria, maziwa na tangawizi, ni ufundi uliobuniwa kuutuliza ukakasi huo, na kwamba unayafaa majani tuliyo nayo kuliko njia nyingine yoyote. Faraja ya kikombe cha jioni inatokana na hatua za jikoni zinazoweza kuelezwa moja baada ya nyingine.

Wanaoipinga wana hoja wanayoiegemea sana: chai haichemshwi, hulowekwa. Mwaka 1946 mwandishi George Orwell aliandika gazetini London kanuni zake 11 za kutengeneza chai, akatilia mkazo birika lililopashwa moto, maji yanayotokota, na maziwa kutiwa mwisho. Mwaka 1980 Shirika la Kimataifa la Viwango likatoa kiwango namba 3103: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, na kusubiri dakika 6. Lakini tuangalie kiwango hicho kiliwekwa kwa ajili gani. Ni kipimo cha waonjaji, watu wanaolinganisha chai ya shamba moja na ya jingine, na kwao kila kasoro ya jani lazima ijitokeze. Mpishi wa nyumbani ana kazi nyingine kabisa: anataka kikombe kinachonyweka. Kuhukumu sufuria kwa kipimo cha mwonjaji ni kumlaumu mshonaji kwa kuwa hakufanya kazi ya mpima kitambaa. Kanuni za Orwell, kwa upande wake, ziliandikwa karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi badala ya 100. Ukiyamimina kwenye birika la kauri yanapoa zaidi. Sufuria iliyo juu ya moto haipoi, na majani hupata joto lote linalopatikana mahali hapo.

Halafu kuna jani lenyewe. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya na ya nchi jirani hutengenezwa kwa mashine za kuponda, kuchana na kuviringisha, mtindo uliobuniwa Assam, India, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kinachotoka ni punje ndogo nyeusi, na rangi yake hutoka upesi kwa kuwa chembe za jani zimeshapasuliwa. Chai hiyo hununuliwa kwa ajili ya ukali na rangi, na ina nguvu ya kubeba maziwa mengi bila kupooza. Majani yaliyosokotwa mazima ni habari nyingine. Uzuri wake uko kwenye harufu nyepesi inayoruka na mvuke, na kuyapika ni kuyaharibu. Hapo wapinzani wana haki kamili.

Ufundi unaonekana zaidi katika mpangilio. Tangawizi mbichi hupondwa na kutangulia na maji, ikatokota kwanza, ndipo maziwa yafuate. Atakayeitia ndani ya maziwa ya vuguvugu ataona yanakatika, kwa kuwa tangawizi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na moto wa kutosha hukiua. Mpishi asiyewahi kusikia neno kimeng'enya anaifuata kanuni hiyo bila kukosea. Maziwa yakishaingia, protini yake iitwayo kaseini huzikamata tanini kabla hazijafika ulimini, na mafuta yake hubeba harufu ya iliki na mdalasini. Yanapoanza kufura, sufuria huinuliwa, ikarudishwa, ikainuliwa tena. Na kwa nyumba zinazonunua maziwa mabichi ya kupimiwa kwa kikombe, moto huo huo huua vijidudu vya maradhi. Kwa maoni yangu sababu hii peke yake ingetosha kuihalalisha sufuria.

Husemwa pia kwamba kupika ni alama ya umaskini, njia ya kukamua rangi kutoka majani ya bei ya chini. Huenda tabia ilianza hivyo. Lakini asili ya ufundi haiupunguzii thamani: pilau ingekuwa hivyo, au samaki wa kukausha, tusingevidharau. Pingamizi lenye uzito ni la afya. Chai ikinywewa pamoja na mlo hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unayapata kutoka maharage na mboga za majani, na kuipika hakuliondoi hilo. Kwa mjamzito na mtoto mdogo jambo hili si la kupuuzwa, basi chai yao na isubiri saa moja baada ya chakula.

Limebaki kosa moja la nyumbani, nalo si la sufuria bali la chupa ya chai. Majani yakiachwa ndani ya chupa yanaendelea kutoa tanini kwa saa nyingi, hata maziwa yakashindwa kuzizuia, na chai ya saa kumi ikawa chungu. Chuja kwanza, ndipo umimine.