Roboti, Mpelelezi na Shahidi: Riwaya ya Asimov Ikisomwa kutoka Fizi na Baraka

Riwaya ya upelelezi hupenda wahusika wawili wawili. Katika visa vya Muhammed Said Abdulla, vilivyoanza na Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Bwana Msa hufuatana na sahibu yake Najum. Isaac Asimov, katika The Caves of Steel (1954), aliuchukua mtindo huo wa fani akaupeleka kwenye bunilizi ya kisayansi: askari kanzu Elijah Baley anapewa mwenzi ambaye ni roboti, R. Daneel Olivaw. Wahakiki wengi wamesifu jinsi chuki ya Baley kwa mashine inavyogeuka kuwa heshima. Suala la ushahidi, hata hivyo, halijapewa uzito unaostahili.

Daneel hachoki, hasahau, wala haonei. Kwake haki ni pale sheria zote zinapotekelezwa. Hata hivyo, muuaji katika riwaya hii ni Julius Enderby, mkuu wa polisi mwenyewe, yaani yule aliyekabidhiwa ulinzi wa watu. Wenyeji wa sayari za nje walikuwa wamekwisha kuupima ubongo wake kwa mitambo, wakaridhika kwamba hawezi kukusudia kumwua binadamu. Kipimo hakikukosea: Enderby alikusudia kumharibu roboti, akamwua mtu. Kilichokosewa ni swali. Baley ndiye anayeuliza swali jingine, na vipande vya miwani iliyovunjika vinamjibu.

Kisa cha mlinzi aliyegeuka mhalifu si kigeni katika Kivu ya Kusini. Usiku wa tarehe 1 Januari 2011, askari wa jeshi la taifa waliwashambulia wakazi wa Fizi na kuwabaka wanawake. Mwezi uliofuata, mahakama ya kijeshi inayohamahama ilikaa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, na kumhukumu kamanda wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Hapakuwa na Daneel wala picha za mitambo. Wanawake walisimama mbele ya mahakimu, wakasema yaliyowapata, ilhali walijua kwamba kesi ikiisha watarudi kuishi katika mji uleule.

Kutokana na mfano huo, upungufu wa Asimov unadhihirika. Mwishoni Baley na Daneel wanamsamehe Enderby kwa masharti, naye Daneel anasifiwa kwa kuwa amejifunza huruma. Je, nani aliyeulizwa? Marehemu hana msemaji. Huruma inagawiwa na wapelelezi wawili chumbani, kana kwamba kosa lilitendwa dhidi yao. Msomaji wa Fizi ana haki ya kukataa msamaha wa namna hiyo, maana aliyetendewa ndiye mwenye neno.

Hii haina maana kwamba utanzu huu hauifai Kongo. Tangu 2013 roboti zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi zimepata kusimama katika njiapanda za Kinshasa, zikiongoza magari na kuyapiga picha. Ushirika wa mtu na mashine katika kazi ya sheria, basi, si ndoto ya ughaibuni. Mtunzi wa Kiswahili atakayemleta roboti mpelelezi Baraka atakuwa na malighafi tele. Kumbukumbu isiyofutika ingekuwa na thamani kubwa mahali ambapo watoa ushahidi huishi jirani na hofu.

Lakini mtunzi huyo hana budi kuongeza mhusika wa tatu ambaye Asimov hakumpa nafasi: shahidi. Roboti atunze neno, mpelelezi aulize, na aliyetendewa aseme. Bila huyo wa tatu, fumbo litafumbuliwa na haki itabaki fumbo.