Kabla ya kuubeza muziki wa gemu, ufungue uusome

Sisi wasomi wa sanaa tuna kasumba moja. Mtu akitaja muziki wa gemu za kompyuta, tunatabasamu kana kwamba ametaja njuga za mtoto. Muziki, kwa fikira zetu, ni ule wa jukwaani, wa kanisani, wa taarab au wa okestra. Huu wa gemu ni kelele tu za kumshughulisha kijana asiyetaka kusoma.

Leo nataka kuitetea hoja ambayo huenda ikawachekesha baadhi ya wenzangu. Nasema hivi: sehemu ya muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu baina ya mwaka wa 1987 na 2000 inastahili uhakiki sawa na ule tunaoupa utenzi au tamthilia. Tena, ubora wake haukuletwa na makampuni makubwa. Uliletwa kwa kiasi kikubwa na vijana wa Ulaya waliokuwa wakitunga vyumbani mwao usiku, bila kulipwa hata senti.

Vijana hao ndio waliounda jamii iitwayo demosini. Asili yake si ya kujivunia sana. Miaka ya 1980 kulikuwa na wajanja waliovunja kufuli za gemu za Commodore 64 na kuzisambaza bure. Kabla gemu haijaanza, waliweka utangulizi wenye majina yao, maandishi yanayotembea na muziki. Muziki wenyewe aghalabu waliunyofoa kutoka kwenye gemu nyingine, hasa kazi za Waingereza kama vile Rob Hubbard na Martin Galway. Baadaye utangulizi ule ulijitenga na wizi, ukawa sanaa inayojitegemea. Hiyo ndiyo demo: programu ndogo ya kompyuta inayoonyesha picha na kupiga muziki kwa pamoja, ambayo kazi yake ni kuwastaajabisha watazamaji tu.

Kwa hivyo, demo ndiyo iliyoanza kukopa kwa gemu. Deni lilikuja kulipwa baadaye, na kwa riba.

Mwaka wa 1987, Mjerumani Karsten Obarski alitoa programu iitwayo Ultimate Soundtracker kwa ajili ya kompyuta ya Commodore Amiga. Obarski alikuwa mtunzi wa muziki wa gemu. Gemu ya Amegas ya mwaka huohuo ina kazi yake. Vijana wa demosini waliichukua programu hiyo, wakaichambua, wakaifanyia marekebisho, wakazaa nyingine: NoiseTracker mwaka wa 1989, kisha ProTracker na nyinginezo. Programu za aina hii ndizo zinazoitwa treka.

Hebu tuitazame treka inavyofanya kazi, maana hapo ndipo penye kiini cha mjadala. Kwenye skrini mtunzi anaona safu nne za tarakimu na herufi. Kila safu ni chaneli moja ya sauti, kwani Amiga ilikuwa na chaneli nne pekee. Safu hizo husomwa kutoka juu kwenda chini, na kila ukurasa, au tuseme kila ruwaza, una mistari 64. Katika kila mstari mtunzi anaandika noti, namba ya sampuli ya sauti (ngoma, gitaa, zumari, chochote kile) na amri ya namna sauti hiyo itakavyotetemeka, kupanda au kufifia. Basi. Huo ndio uwanja wote aliokuwa nao.

Sasa, ukiwa na chaneli nne utapigaje koadi ya noti tatu na bado ubaki na nafasi ya ngoma, besi na sauti inayoongoza? Huwezi. Walichofanya watunzi wale ni kuzipiga noti tatu moja baada ya nyingine kwa kasi kubwa katika chaneli moja, hadi sikio lizisikie kama koadi moja inayometameta. Mbinu hiyo ilikuwapo tangu enzi za Commodore 64, iliyokuwa na sauti tatu tu. Mmeto huo ndio ambao leo kila mtu anautambua papo hapo kama "sauti ya gemu". Haukuchaguliwa kwa sababu ya urembo. Ulizaliwa na uhaba.

Wapenzi wa ushairi wetu watanielewa upesi. Mshairi wa arudhi hupewa mizani nane kwa nane na vina viwili, naye hutakiwa kusema jambo zito ndani ya mipaka hiyo. Mshairi hodari huligeuza bano kuwa fahari yake. Mshairi dhaifu hujaza mizani kwa maneno matupu. Hali ni hiyohiyo kwa watunzi wa treka. Wapo walioupachika mmeto ule kila mahali hata pasipohitajika. Na leo, kompyuta zikiwa na uwezo wa chaneli mamia, wapo wanaouiga ili wimbo usikike wa kizamani. Kwa maoni yangu, hicho ni kina bila shairi.

Lakini kuna jambo la pili ambalo naliona kubwa zaidi. Faili la treka, linaloitwa moduli, hubeba sauti pamoja na maandishi ya utunzi wenyewe. Ukilipata, hulisikilizi tu. Unalifungua na kulisoma mstari kwa mstari. Unaona mtunzi alivyoficha besi nyuma ya ngoma, alivyoazima chaneli ya zumari kwa nusu sekunde ili apate mwangwi. Hata kwenye nafasi za majina ya sampuli, watunzi walizoea kuandika salamu kwa marafiki na wapinzani wao. Darasa la vijana wale lilikuwa huko. Hakuna aliyewapeleka chuo cha muziki. Walisomana.

Wengi waliohitimu katika darasa hilo waliingia kwenye gemu. Kundi la Future Crew la Finland lilitoa demo maarufu ya Second Reality mwaka wa 1993, kwa muziki wa Peter Hajba na Jonne Valtonen. Miaka miwili baadaye wanachama wake walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya gemu ya Remedy, na muziki wa gemu yao ya kwanza, Death Rally ya 1996, ukatungwa na Valtonen yuleyule. Jesper Kyd wa Denmark alitoka kwenye demo ya Hardwired ya 1991 hadi kwenye gemu za Hitman na Assassin's Creed. Nao watengenezaji wa Star Control II ya 1992 waliwatafuta watunzi kwa shindano. Miongoni mwa waliopatikana ni kijana wa Finland, Riku Nuottajärvi.

Je, muziki ulibaki uleule ulipohama? Hapana! Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba muziki wa treka ni mmoja, uwe wa demo au wa gemu. Demo ina mwanzo na mwisho uliopangwa. Katika Second Reality picha hubadilika pale pigo la muziki linapotaka, na mtazamaji hana la kufanya ila kukodoa macho. Gemu haiko hivyo. Mtunzi hajui mchezaji atakaa chumbani dakika moja au saa nzima. Hajui atazungumza na adui au atampiga risasi. Demo ni kama kitabu kilichokwisha kuchapishwa. Gemu ni kama ngano inayosimuliwa mbele ya hadhira, ambapo fanani hana budi kuwatazama watu usoni na kubadilika.

Treka ilimudu yote mawili. Sikilizeni Deus Ex ya mwaka wa 2000, kazi ya Alexander Brandon na wenzake. Moduli moja ilibeba muziki wa kunyatia, wa mazungumzo, wa mapigano na wa kifo. Hatari inapotokea, programu huiruka ruwaza moja na kuiendea nyingine, kwa sampuli zilezile. Kwa hivyo hofu inazaliwa ndani ya utulivu uleule uliokuwapo, wala haiji kama wimbo mgeni. Huo ndio umoja wa kimuundo tunaoudai kwa mwandishi wa riwaya.

Kisha diski zikawa kubwa na muziki ukaanza kurekodiwa kamili. Sauti iliboreka, sikatai. Kyd alipata okestra na kwaya ya Budapest kwa Hitman ya pili mwaka wa 2002, na matokeo yake ni mazuri ajabu. Ila mlango ulifungwa. Kijana wa leo anaweza kuusikiliza muziki huo mara elfu moja asiweze kuufungua na kuona ulivyofumwa.

Tukiidharau sanaa, tunarahisisha pia kuporwa kwake. Mwaka wa 2000 Janne Suni wa Finland alitunga kwa treka kipande kiitwacho Acidjazzed Evening. Baadaye kukazuka mgogoro mkubwa kwamba kipande hicho kimo ndani ya wimbo Do It wa Nelly Furtado, uliotayarishwa na Timbaland. Kesi ilifika mahakama ya rufaa ya Marekani mwaka wa 2012, na kampuni iliyodai hakimiliki ikashindwa kwa misingi ya usajili. Swali la kisanaa, yaani nani alitunga nini, halikuwa ndilo lililoamua kesi. Watunzi waliozoea kuachiana kazi zao wazi walijifunza kwamba huko nje uwazi huo haulindwi na mtu.

Finland iliiweka demosini katika orodha yake ya urithi hai wa taifa mwaka wa 2020, na Ujerumani ikafuata mwaka wa 2021. Ni hatua njema. Hata hivyo, orodha haiwezi kufanya kazi ya mhakiki. Mwaka wa 2008 okestra ya redio mjini Cologne ilipiga muziki wa gemu wa Chris Hülsbeck, na aliyeupanga kwa ajili ya vinanda na matarumbeta ni Jonne Valtonen, yule wa Second Reality. Waliokuwa ukumbini walipiga makofi. Nashuku baadhi yetu tungehitaji kwanza kuziona fidla ndipo tukubali kwamba ni muziki. Moduli za zamani bado zipo na zinafunguka. Zifungueni mzisome, kisha ndipo mseme kama ni kelele.