Migingo kwa Siku Moja

Kuna hadithi moja ya ziwani ambayo sasa ina kanuni zake kama ngano. Boti inaondoka Sori au Muhuru Bay, kaunti ya Migori. Mgeni anasema mawimbi ni makali. Baadaye mwamba unatokea, umefunikwa mabati ukingo hadi ukingo. Droni inapanda. Sauti inatangaza kwamba hiki ndicho kisiwa chenye msongamano kuliko vyote duniani. Kisha inakuja orodha: baa, kinyozi, duka la dawa, meza ya pool, wanawake wa biashara, polisi wa Uganda. Mvuvi mmoja anaulizwa swali moja: kisiwa hiki ni cha nani? Anajibu. Jua likielekea kushuka, mgeni anarudi kwa boti. Hadithi imeisha.

Nimezitazama na kuzisoma Migingo za namna hii nyingi, za wageni na za televisheni zetu wenyewe. Nyingine zimetengenezwa vizuri. Picha za Yasuyoshi Chiba wa AFP, za mwaka 2018, ukiziona mara moja huzisahau. Lakini hata zile nzuri zina kasoro ambayo nataka kuijadili kama suala la ufundi wa kusimulia, si kama hasira ya mtu wa huku kwetu.

Tuanze na fremu. Mita kama mia mbili hivi kutoka Migingo kuna kisiwa kingine, Usingo. Ni kikubwa kuliko Migingo, na karibu hakina watu. Geuza kamera kidogo tu na hadithi nzima inabadilika. Swali linaacha kuwa "hawa watu wanaishije wakiwa wamebanana hivi?" Linakuwa "kwani kwa nini wamechagua hapa na pale kuko wazi?" Swali la kwanza linamtaka mtazamaji ahurumie au acheke. La pili linamlazimisha akubali kwamba wavuvi wana akili, wamepiga hesabu: boti inalazwa wapi, mnunuzi anafika wapi, injini inalindwa na nani, nani anatoza nini. Ndiyo maana Usingo huachwa nje, au hupita nyuma ya mtangazaji bila kutajwa jina. Ukiitaja, itabidi ueleze.

Halafu kuna saa. Mgeni wa siku moja hufika mchana. Mbuta, samaki aliyewaleta watu wote hawa, kazi yake kubwa ni ya usiku: nyavu na ndoana zinategwa jioni, zinatolewa alfajiri. Kwa hiyo mchana mgeni anawakuta wanaume wamelala, wanacheza karata, wanakunywa. Anarekodi baa. Ni sawa na kuingia kwenye kiwanda cha mikate saa tisa alasiri, ukute waokaji wamejinyoosha, kisha uandike ati ni kijiji cha wavivu. Kamera haijadanganya, ila imefika saa mbaya na haikutuambia.

Hata idadi ya watu inategemea saa. Kisiwa ni kama nusu ekari. Sensa ya Kenya ya 2009 iliandika watu 131. Ripoti nyingine husema mia tano, nyingine elfu moja, na kila moja hutamka namba yake kwa uhakika wa mahubiri. Mvuvi hufuata samaki. Anayehesabu watu wa namna hiyo anapaswa kusema amehesabu lini, maana mwezi ujao nusu yao wanaweza kuwa Remba au Ringiti, upande wa Homa Bay. Huko nako nyumba zimebanana, na mbuta ni yule yule. Lakini Remba haina mgogoro wa mpaka wenye jina kubwa, kwa hiyo droni hazipandi sana.

Mwaka jana mhariri mmoja aliniomba makala ya aina hii. Maneno mia nane, nauli ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na kichwa alikuwa nacho tayari. Niliomba nauli hiyo hiyo, ila nilale usiku mbili. Barua pepe zikakoma. Simlaumu sana, bajeti ni bajeti. Lakini hapo ndipo nilipoona kwamba fomu hii inaamuliwa kabla boti haijawashwa injini.

Bandari za watalii zinalijua tatizo hili. Tangu Julai 2025, Ugiriki inamtoza abiria wa meli ya kitalii anayeshuka Santorini au Mykonos hadi euro 20 msimu wa watu wengi. Yaani wamekiri kwamba mtu wa saa sita ana gharama: anajaza njia, anapiga picha ile ile, anaondoka. Migingo ningetaka ada tofauti. Lala usiku mmoja. Amka nyavu zikitolewa. Kisha andika unachotaka.

Kuna atakayeniuliza: na kama mtu hana usiku huo? Jibu langu liko kwenye Kiswahili chenyewe. Mwaka 1896 Selim bin Abakari, mzaliwa wa Komoro, alipelekwa Urusi na Siberia akiwa mtumishi wa Mjerumani. Maelezo yake yalichapishwa 1901 katika kitabu cha Carl Velten, Safari za Wasuaheli. Naye alikuwa mpita njia, tena asiyejipangia ratiba. Lakini anataka kujua watu wanakula nini, wanavaa nini, wanaishi kwenye nyumba za namna gani. Anauliza habari, kama mtu aliyelelewa kwamba kabla ya shughuli yoyote kuna "habari za hapa?" Hadithi za Migingo zinaruka salamu na kwenda moja kwa moja kwenye mpaka.

Na mpaka wenyewe ni maandishi ya mbali. Amri ya kikoloni ya 1926 inachora mistari kutoka kisiwa hadi kisiwa, ikitaja Pyramid, Ilemba, Kiringiti na Mageta. Ni mistari ya ramani tu. Askari wa Uganda walipofika Migingo 2004, na Museveni aliposema 2009 kwamba kisiwa ni cha Kenya lakini wavuvi wanavua maji ya Uganda, wavuvi ndio waliobaki kuishi ndani ya sentensi za watu wengine. Video ya siku moja inaongeza sentensi nyingine kama hizo.

Hili si suala la sifa ya kwetu tu. Mahali pakishazoeleka kama kioja, malalamiko yake nayo husikika kama sehemu ya kioja. Mvuvi akisema amenyang'anywa samaki na injini, mtazamaji anakumbuka baa na meza ya pool, anatabasamu, anapita. Kwa hiyo anayekwenda Migingo kesho na kamera, nina ombi dogo la kiufundi: anza na Usingo, tuambie ulifika saa ngapi, na swali la kisiwa ni cha nani liwe la mwisho.